Barua ya wazi kwa wakuu wa barabara za kaunti: njia ya baiskeli mliyoiita rahisi iwe rahisi kweli

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Idara za Barabara,
Halmashauri za Kaunti,
Uingereza.

YAH: HALI YA NJIA ZA BAISKELI ZINAZOTANGAZWA KUWA "RAHISI" KWENYE BARABARA ZA MASHAMBANI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kero tunazozieleza humu mmeshaletewa moja moja: kwa fomu za mtandaoni, kwa simu, kwa picha zenye rula ndani ya shimo, na kupitia mabaraza ya parokia, yaani serikali za vijiji. Majibu yamekuwa ya namna mbili. Ama "kasoro haijafikia kipimo cha kufanyiwa kazi", ama namba ya kumbukumbu, kisha kimya. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani. Nakala ya Kiingereza mnayo. Hii ya Kiswahili tunaitoa kwa sababu Waswahili wanaoishi huku nao huchukua vipeperushi vyenu kwenye maktaba na vituo vya treni, wakaliamini neno "rahisi", wakatoka na watoto wao. Aliyejifunza baiskeli Kenya, Tanzania au Uganda ameshazoea kushika kushoto. Aliyetoka Kongo, Rwanda au Burundi anajifunza upya, na huyo ndiye anayehitaji zaidi kwamba njia aliyoambiwa ni ya kuanzia iwe ya kuanzia kweli.

Nchi yenyewe haina lawama. Norfolk nzima, kilele chake ni Beacon Hill, na hakizidi sana mita 100 juu ya bahari. Mabonde ya Fens kati ya Cambridgeshire na Lincolnshire ni tambarare kama meza, na mahali pengine yako chini ya usawa wa bahari. Kuna Romney Marsh kule Kent, Somerset Levels upande wa magharibi, Vale of York kaskazini, na barabara ndogo zinazozunguka Rutland Water. Vijiji vimekaribiana, kila kimoja na mnara wa kanisa unaouona kabla hujafika, na kati yake kuna vibarabara vya lami vyembamba, vya gari moja, vilivyofuata mipaka ya mashamba ya zamani. Mtu asiye na mazoezi makubwa anaweza kwenda kilomita 30 asubuhi moja na akabaki na nguvu za kula chakula cha mchana. Ni utajiri ambao nchi chache zinao, na umekwishajengwa.

Kwa mizani yetu, njia rahisi ya baiskeli ya barabarani ina kilomita 25 hadi 40. Jumla ya kupanda haizidi mita 10 kwa kila kilomita. Hakuna mwinuko wa zaidi ya asilimia 6 unaoendelea kupita mita 200. Na lami ni ya mfululizo mwanzo hadi mwisho. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, mshale mmoja wa mlima huanzia asilimia 14, na miwili huanzia asilimia 20. Basi njia yenye hata mshale mmoja isiitwe rahisi, na ambayo haina mshale bado inahitaji kupimwa, kwa sababu kilima cha asilimia 12 hakiwekewi alama yoyote.

Kiini cha lalamiko letu ni hiki. Mnazichora njia rahisi juu ya barabara ndogo kabisa kwa sababu huko magari ni machache. Uamuzi huo ni sahihi. Lakini kwenye daftari la matengenezo barabara hizohizo ziko mkiani: zile za herufi C, yaani za daraja la chini (barabara kuu ni za herufi A), na zile zisizo na daraja lolote, ambazo mkaguzi huzipitia mara moja kwa mwaka, na mara nyingi akiwa ndani ya gari. Kitengo kimoja kinawaalika watu. Kitengo kingine kimekwisha kuamua kwamba watu hao hawapo. Yote yafuatayo yanatokana na hapo.

1. Kipimo cha shimo ni cha gari, si cha baiskeli

Halmashauri nyingi hulihesabu shimo kuwa kasoro likifikia kina cha milimita 40. Tairi la baiskeli ya barabarani siku hizi lina upana wa milimita 25 hadi 32, na kimo chake juu ya rimu ni karibu hichohicho. Kwa hiyo shimo linaweza kuwa na kina kuliko kimo chote cha tairi, na kwenye daftari lenu lisiwe shimo.

Linapogongwa, ukingo wake hulibana tairi mpaka chuma cha rimu kikutane na lami. Tyubu katikati hukatwa matundu mawili sambamba, kama jeraha la meno ya nyoka, na upepo hutoka kwa sekunde chache. Likiwa gurudumu la nyuma, mtu atashuka abadili tyubu. Likiwa la mbele, kwenye mteremko mdogo wa kilomita 30 kwa saa, usukani hausikii tena. Rimu ya alumini hupinda, na ya kaboni hupasuka, wakati mwingine kwa ndani ambako jicho halioni.

Na kina peke yake hakitoshi kueleza hatari. Shimo la mviringo lenye kingo zilizolala, hata likiwa na milimita 50, laweza kupitwa salama. Ufa wa milimita 20 unaokwenda sambamba na barabara ni mbaya zaidi: tairi likiingia halitoki, linafuata ufa, na mwili unaendelea mbele. Nyufa za aina hiyo zina asili zinazojulikana. Barabara ilipanuliwa zamani kwa kuongeza ukanda pembeni, na kiungo kimefunguka. Au kampuni ya maji au ya nyaya ilichimba, ikafukia, na kiraka kimezama. Au, kama kwenye Fens, udongo wa mboji chini ya barabara hunywea wakati wa kiangazi na ukingo wa lami ukajimega kuelekea mfereji. Hakuna rula ya kina itakayoikamata hata moja. Na zote hukaa pale mwendesha baiskeli anapopita, nusu mita hadi mita moja kutoka ukingo wa kushoto, ambako tairi la gari halikanyagi kila siku na dereva wa ukaguzi hahisi kitu.

Kuhusu viraka: lami baridi ikimwagwa ndani ya shimo lenye maji na kupigwa mara mbili kwa koleo, majira ya baridi yajayo itakuwa imetoka. Shimo likatwe pembe nne mpaka kwenye lami nzima, lisafishwe, likaushwe, kingo zipakwe lami ya kushika, lijazwe kwa tabaka na kushindiliwa kila tabaka, kisha mzunguko wote uzibwe. Fundi wenu analijua hilo kuliko sisi. Tunalitaja kwa sababu mkataba unaomlipa kwa idadi ya mashimo kwa siku humlazimisha asilifanye.

Jambo dogo ambalo halina gharama kubwa: vifuniko vya mifereji ya mvua vyenye vyuma vilivyolala kuelekea mwendo. Vizungushwe, vyuma vikate njia.

2. Kokoto za kupaka lami upya

Kila mwaka, kuanzia majira ya kuchipua mpaka Septemba, mnapulizia barabara ndogo lami ya maji, mnamwaga kokoto za milimita 6 au 10, rola inapita, na kibao cha maili 20 kwa saa kinasimikwa. Ni njia ya bei nafuu ya kuziba nyufa na kurudisha mshiko wa tairi, na hatuipingi. Barabara isiyopakwa kabisa huishia kuwa na mashimo.

Kinachoharibika ni hiki: kazi ya mwisho ya kuzikandamiza kokoto hufanywa na magari yenyewe. Barabara yenye magari elfu kadhaa kwa siku huzizamisha haraka. Kibarabara chenye magari mia moja hakizizamishi. Magari hufuata mistari miwili ileile. Kokoto hubaki zimelegea katikati na pembeni, na kwenye kona husukumwa nje mpaka zifanye tuta. Baiskeli hukanyaga pembeni. Kona ya kushoto mwisho wa mteremko, yenye sentimita mbili za kokoto zisizoshika, haina breki. Ukishika ya mbele unateleza. Ukiziacha zote unavuka upande wa pili.

Barabara za njia zenu zipewe kokoto za milimita 6, si 10. Zifagiwe kwa mashine ndani ya siku 2, tena baada ya siku 7, tena baada ya wiki 4, na mara ya mwisho mtu ashuke kwenye makutano na kona atazame. Tarehe za kazi zitangazwe kwenye ukurasa uleule mnaoutangazia njia. Familia iliyoona tangazo itachagua wikiendi nyingine, na hilo halitawagharimu kitu. Joto kali likija, tazameni pia sehemu ambako lami imepanda juu ya kokoto ikawa nyeusi na yenye kung'aa: mvua ya kwanza ikinyesha, hapo ni utelezi mtupu.

3. Miiba

Nyua za mashamba ya Uingereza kwa sehemu kubwa ni hothoni na blakthoni, miti ya miiba mirefu na migumu. Hukatwa kuanzia Septemba, kwa sababu sheria inazuia wakulima kukata kati ya 1 Machi na 31 Agosti ili ndege watage na kulea. Trekta hupita na mtambo wa kufyeka, na vipande hutawanyika barabarani kwa maelfu.

Mwiba wa blakthoni hupenya tairi lolote la wepesi wa kawaida. Ncha hukatikia ndani ya mpira, haionekani kwa nje. Mtu akibadili tyubu bila kupitisha kidole taratibu ndani ya tairi lote, tyubu mpya nayo itatoboka kabla ya kijiji kinachofuata. Mwenye tyubu moja ya akiba amekwama.

Tunajua jibu lenu: ua ni wa mkulima. Ni kweli, lakini barabara ni yenu. Sheria ya Barabara Kuu ya 1980, kifungu cha 154, inawapa uwezo wa kumpa mwenye ua ilani ya siku 14 kuukata pale unapoizuia barabara au kuhatarisha wapitao. Uwezo huo mnautumia kwa magari ya taka yanapokwaruzwa. Utumieni pia kwenye kona za njia za baiskeli, ambako ua uliopanda umepunguza upeo wa macho kutoka mita 60 hadi 20. Katazo la msimu wa ndege haliwafungi pale penye hatari kwa watumiaji wa barabara. Na kwa kufyeka kwa kawaida, andikieni wakulima walio kando ya njia hizo kila Agosti: wafyeke siku za kazi, wafagie siku ileile, wasifyeke Ijumaa jioni.

4. Maji na matope

Kando ya vibarabara, kwenye ukingo wa nyasi, wazee walichimba vijifereji vifupi vya kutoa maji barabarani kwenda mtaroni. Vingi vimezibwa na majani na udongo. Maji yakikosa pa kwenda hukaa juu ya lami, huingia kwenye nyufa, huganda usiku wa Januari na kutanuka kwa karibu asilimia 9, na Machi kuna shimo jipya. Dimbwi lenyewe linalificha shimo, hivyo mwendesha baiskeli hulikwepa kwa kuingia katikati ya barabara. Mtu mmoja mwenye jembe na koleo hufungua vijifereji vingi kwa siku moja. Katika mambo yote tuliyoyaandika, hili ndilo linalookoa fedha nyingi kwa jasho dogo, na ndilo lililoachwa kwanza bajeti zilipobanwa.

Matope ya mavuno ni jambo jingine. Kiazisukari huchimbwa kuanzia Septemba mpaka baada ya mwaka mpya, na matela huvuta udongo wa mfinyanzi kutoka shambani mpaka barabarani. Ukiwa mkavu ni vumbi. Ukiloa ni sabuni. Malori mazito nayo humega kingo za lami pale yanapopishana. Wakulima wengi huweka kibao cha onyo na kufagia. Wasiofanya hivyo wanavunja sheria, na ninyi ndio wa kuwaambia. Msipoweza kusimamia, basi ondoeni sehemu hiyo kwenye njia kwa miezi hiyo na mwaelekeze watu kwingine.

5. Pale njia inapokutana na barabara kuu

Njia ya kilomita 35 inaweza kuwa salama kwa kilomita 34 na mita 800, ikaharibiwa na mita 200. Mita hizo karibu siku zote ni mahali pa kuvuka barabara ya herufi A.

Mara nyingi vibarabara viwili havitazamani uso kwa uso; kimoja kimesogea kidogo, na msafiri hulazimika kuingia barabara kuu, kuifuata hatua chache, kisha kutoka. Hapo kuna aina mbili, na tofauti yake ni ya uhai. Aina ya kwanza: unaingia kwa kukata kulia, unatoka kwa kukata kushoto. Unasubiri salama kwenye mdomo wa kibarabara mpaka pande zote ziwe tupu, unavuka mara moja, unatoka bila kumkatisha mtu. Aina ya pili: unaingia kushoto, kazi nyepesi, lakini kutoka ni kulia, unajikuta umesimama katikati ya barabara kuu, mkono umenyoosha, na lori linakuja nyuma yako kwa maili 50 kwa saa. Mtoto hawezi kufanya hivyo. Mtu mzima asiyezoea naye hawezi. Na kugeuza mwelekeo wa safari hakusaidii: makutano ya aina ya pili yanabaki ya aina ya pili ukienda na ukirudi. Dawa ni kuchagua makutano mengine, au kujenga kisiwa cha kusimama katikati chenye nafasi ya baiskeli nzima, au kutengeneza njia ya pembeni kwa mita hizo chache.

Mwelekeo wa mzunguko una faida yake mahali pengine. Kwa kuwa tunashika kushoto, mzunguko unaokwenda kinyume cha saa huwa na kona nyingi za kushoto kuliko za kulia. Vipeperushi vingi huchora mishale kwa kufuata saa, pengine kwa mazoea tu. Vigeuzeni, isipokuwa pale upepo unapoamua vingine: upepo wa Uingereza kwa kawaida hutoka kusini-magharibi, na katika nchi tambarare upepo ndio kilima. Kilomita 15 za mwisho dhidi ya upepo huo kwenye Fens, bila ua wala mti wa kuukinga, humchosha mwanafunzi kuliko mlima wowote wa Cotswolds. Njia ianze kwa kuukabili, irudi ikiupa mgongo.

6. Maili 60 kwa saa kwenye kibarabara cha gari moja

Kisheria, dereva anaruhusiwa maili 60 kwa saa kwenye vibarabara hivi, isipokuwa mmeweka kiwango kingine. Hiyo ni karibu mita 27 kwa sekunde. Mwongozo rasmi wa watumiaji barabara unasema gari la mwendo huo linahitaji mita 73 kusimama. Kwa maili 40 ni mita 36. Kwa maili 30 ni mita 23. Kona yenye upeo wa mita 30 haitoshi hata kwa maili 40.

Mwongozo huo uliorekebishwa Januari 2022 unamtaka dereva amwachie mwendesha baiskeli angalau mita 1.5 anapompita kwa mwendo wa hadi maili 30, na zaidi ya hapo akienda kasi. Kibarabara cha upana wa mita 3 hakina nafasi hiyo. Kwa hiyo kupita ni lazima kusubiri mahali pa kupishana, na dereva hasubiri kama hakuna kinachomwambia kwamba yuko kwenye njia ya baiskeli.

Uwezo mnao. Sheria ya Uchukuzi ya 2000, kifungu cha 268, na kanuni zake za 2006 zinawaruhusu kutangaza barabara kuwa Quiet Lane, kibarabara cha utulivu kinachochangiwa na watembea kwa miguu, baiskeli na farasi, na kutoa amri za matumizi na za kupunguza mwendo. Norfolk na Kent ndiko kulikojaribiwa kwanza. Ni nyenzo iliyolala kabatini kwa wengi wenu.

7. Vibao, vizuizi, vipeperushi

Kibao cha buluu chenye namba ya njia kisimame kabla ya makutano na kingine baada yake, kwa pande zote mbili za safari. Kifyekewe majani. Kikigeuzwa na upepo au na wakorofi, kirudishwe. Mabondeni simu hukosa mtandao, na mtu aliyepotea kwa kawaida huangukia barabara kuu, kwa sababu ndiyo yenye alama.

Vizuizi vya chuma kwenye njia za reli za zamani zilizogeuzwa kuwa njia za baiskeli: mwongozo wa serikali wa Julai 2020, LTN 1/20, unachukua baiskeli ya urefu wa mita 2.8 na upana wa mita 1.2 kuwa kipimo cha usanifu, na unataka nafasi ya mita 1.5 kati ya nguzo. Baiskeli ya tela la mtoto, ya magurudumu matatu, au ya mlemavu isiyoweza kubebwa juu ya kizuizi, yote inaishia hapo.

Kipeperushi kiseme ukweli wa uso wa barabara. "Njia ya reli ya zamani" maana yake inaweza kuwa lami nzuri, kama ile ya Bristol na Bath, au changarawe na matope ambayo tairi la milimita 25 halipiti Novemba. Kiseme pia kama kuna kijito kinachokatiza barabara (mwani hapo chini ya maji huteleza kuliko barafu), na kama kuna kivuko cha msimu: kile kidogo cha makasia cha Butley, kule Suffolk, hakifanyi kazi mwaka mzima, na anayekikosa huongeza safari ndefu ya kuzunguka.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema hakuna fedha. Tunajua hali. Uchunguzi wa mwaka 2025 wa wenye viwanda vya lami ulikadiria kwamba kuzirudisha barabara za halmashauri za England na Wales kwenye hali nzuri kungehitaji zaidi ya pauni bilioni 16. Hatuombi bilioni. Kaunti yenye njia kumi zilizotangazwa, kila moja kilomita 35, ina kilomita 350 za kuzipa uzito mwingine kwenye daftari, na nyingi kati yake mnazipitia hata hivyo. Tunaomba mpangilio. Tena kwa mwaka wa fedha 2025/26 serikali kuu ilitoa karibu pauni bilioni 1.6 kwa barabara za mitaa, ikazuia sehemu ya nyongeza mpaka kila halmashauri ichapishe taarifa ya matengenezo yake kufikia 30 Juni 2025. Taarifa hizo ziko hadharani, na tumezisoma.

Mtasema wanaopita ni wachache. Vihesabu vyenu vikiwekwa Jumanne ya Machi, vitaonyesha wachache. Viwekeni Jumapili ya Juni.

Mtasema, au wanasheria wenu watawaambia bila kuandika, kwamba kujiwekea kipimo kikali zaidi ni kujitia kwenye madai: kifungu cha 58 cha Sheria ya 1980 kinawakinga mkiwa na utaratibu wa busara wa ukaguzi, na utaratibu mlioahidi mkaushindwa ni hatari kuliko ule msioahidi. Hofu hii tunaielewa na hatuidharau. Lakini mwongozo wa kitaifa wa matengenezo wa Oktoba 2016 uliondoa vipimo vya kukariri na kuwataka mpime hatari kwa kila barabara kulingana na wanaoitumia. Halmashauri iliyochapisha kipeperushi cha kuwaita watoto kwenye barabara fulani haiwezi baadaye kusema haikujua kwamba watoto watakuwepo. Kipeperushi ni ushahidi tayari. Kinachowakinga ni rekodi kwamba hatari ilipimwa.

Na msiseme haiwezekani kuondoa jina. Julai 2020 shirika la Sustrans, kama lilivyoitwa wakati huo, lilitangaza kwamba linaondoa au kubadili hadhi ya karibu robo ya Mtandao wa Kitaifa wa Baiskeli ambao lenyewe lilikuwa limeujenga tangu 1995, kwa sababu sehemu hizo zilipita kwenye barabara zenye magari mengi na hazikufaa kila mtu. Lilikuwa jambo la kuumiza, na likafanyika.

Tunachoomba

Kwanza, kabla ya Pasaka ijayo, kila njia yenye neno "rahisi" kwenye kipeperushi au tovuti yenu ipitiwe na mkaguzi akiwa juu ya baiskeli yenye matairi yasiyozidi milimita 28, kwa pande zote mbili, na mara moja baada ya mvua. Akague mstari wa kushoto. Kwenye njia hizo shimo la milimita 20 lihesabiwe kuwa kasoro, na ufa wowote wa kufuata mwendo wenye upana wa milimita 15 uzibwe bila kujali kina chake. Ukaguzi urudiwe kila miezi mitatu.

Pili, orodha ya makutano yote ya njia hizo na barabara za herufi A ichapishwe, kila moja ikitajwa aina yake. Yale ya kuingia kushoto na kutoka kulia yatafutiwe njia ya kuzunguka mara moja, bila kusubiri fedha za ujenzi.

Tatu, kila halmashauri ichague angalau njia moja ya kuanzia na kuitangaza yote kuwa Quiet Lane, pamoja na kiwango cha mwendo kisichozidi maili 40.

Nne, njia itakayoshindwa kutimiza hayo ivuliwe neno "rahisi" siku hiyohiyo, kwenye tovuti na kwenye karatasi, mpaka itengenezwe.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likitaja njia kwa namba yake na afisa kwa cheo chake. Kila jibu tutalichapisha zima, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, pamoja na vipimo vyetu vya njia husika: kina, upana, umbali kutoka ukingo, tarehe na hali ya hewa. Pale mtakapokuwa mmetengeneza tutarudi na rula ileile, tupime, na tuandike hivyo.

Wenu,

Waendesha baiskeli wazungumzao Kiswahili,
Uingereza.

Nakala: Mabaraza ya parokia, madiwani wa kamati za uchukuzi za kaunti.